Shanga, Mtamba wa Majina Mawili

Harufu ya ng'ombe aliyelowa, iliyochanganyika na sabuni ya kipande na vumbi jekundu la Voi lililoanza tu kupata maji, hunijia mpaka leo mahali ambapo hakuna ng'ombe wala sabuni. Hunijia nikiwa kwenye foleni ya benki, hunijia kanisani wakati wa maombi marefu, na mara moja ilinijia ndani ya lifti mjini Mombasa, nikageuka kumtazama mzee wa watu aliyesimama nyuma yangu kana kwamba yeye ndiye aliyeileta. Ni harufu ya mwaka mmoja tu wa utoto wangu, mwishoni mwa miaka ya sabini, nilipokuwa darasa la sita katika shule moja chini ya vilima vya Mbololo. Mwaka huo nilikuwa na mtamba, au nilidhani nina mtamba, na katika kumpeleka kwenye maonyesho ya mifugo nilisaidiwa mno. Nimejaribu mara nyingi kuwasimulia watoto wangu habari hii, na kila nikifika katikati hujikuta mimi mwenyewe sielewi ninachokieleza. Wao huniambia, "Mama, malizia basi," na mimi hukasirika kama mtu aliyeulizwa deni. Leo nimeona niandike, labda kalamu ina subira kuliko mdomo.

Mtamba huyo aliingia bomani kwetu akiwa ndama, mimi nikiwa darasa la nne. Baba aliondoka nyumbani siku ya Alhamisi bila kusema aendako, akarudi Jumamosi asubuhi akimswaga ndama mwekundu aliyechoka, mwenye mabaka madogo meupe yaliyoizunguka shingo yake yote. Mama hakuuliza kitu. Ningekuwa mkubwa jambo hilo lingenishtua, maana mama alikuwa mtu wa kuuliza hata bei ya kiberiti mara mbili. Mimi ndiye niliyeuliza, "Umemnunua, baba?" Baba akasema, "Nimempata," akaenda kunawa miguu. Kwa mtoto wa miaka kumi, kupata na kununua ni mamoja. Nikamwita yule ndama Shanga kwa ajili ya yale mabaka ya shingoni, nikaanza kumkatia majani, kumtoa kupe masikioni na kumpeleka josho, na haukupita mwezi akawa ananifuata mpaka mlangoni mwa jikoni. Baba alipoona hivyo hakufurahi. "Usimzoee sana, mwanangu," aliniambia, si mara moja. "Ng'ombe ni mgeni tu."

Maneno hayo niliyaelewa kwa njia yangu. Kaka yangu mkubwa, Mwakio, alikuwa akifanya kazi katika shamba la mkonge na alikuwa ameanza kuvaa soksi siku za Jumapili, dalili ambayo kila mtu kwetu aliifahamu. Kaka akioa, kuna ng'ombe atakayetoka. Nikajumlisha soksi za Mwakio na kauli ya baba, nikapata jibu kwamba Shanga ni mahari. Tangu siku hiyo nilikuwa na shughuli moja duniani, nayo ilikuwa kutafuta njia ya kumfanya Shanga asitoke. Niliomba Mungu amnyime kaka mchumba, kisha nikatubu, kisha nikaomba tena kwa maneno laini zaidi.

Njia niliipata shuleni. Mwalimu Nyambu, mtu mwembamba aliyevaa kaptura hata mwezi wa Julai wenye baridi, alikuwa ameanzisha chama cha wafugaji vijana, na mwaka huo chama kilialikwa kuonyesha wanyama wetu mjini Voi. Mshindi angefungwa utepe mwekundu na jina lake lingetangazwa kwenye kipaza sauti. Mimi nikaona wazi kabisa: hakuna baba duniani awezaye kumtoa ng'ombe aliyefungwa utepe mwekundu mbele ya watu. Nikamwandikisha Shanga siku hiyohiyo bila kuuliza nyumbani. Baba aliposikia akasema ng'ombe si bibi harusi wa kutembezwa watu wamtazame. Mwalimu akaja nyumbani kumsihi. Baba alimkalisha, akampa uji, akamwambia tutaona, njia ni mbali, mtoto bado mdogo, kuna ndovu wanaoteremka kunywa maji. Lakini mwalimu alikuwa na jibu kwa kila sababu, na ile sababu moja ambayo ingemnyamazisha mwalimu, baba hakuitoa. Mwishowe baba akakubali kwa uso wa mtu anayeng'olewa jino.

Katika chama chetu hakuna aliyeruhusiwa kumtayarisha mnyama wake peke yake. Kila mnyama alikuwa na watu wawili, mwenyewe na msaidizi, na kila mwenye mnyama alikuwa msaidizi wa mwingine. "Mkono mmoja hauchinji ng'ombe," alisema Mwalimu Nyambu, "na kumwosha vilevile." Kwa kura nilipangiwa kumsaidia Achieng', binti wa mfanyakazi wa reli, aliyefuga sungura nyuma ya nyumba za reli mjini na ambaye baba yake alitoka magharibi, upande wa ziwa. Msaidizi wangu akawa Mghoi. Huyu alikuja kwetu kutoka Mwanda, juu kabisa milimani, kukaa na shangazi yake ili asome, na kwa kuwa hakuwa na mifugo aliandikisha kuku watatu wa shangazi. Wavulana walimtania kwamba amekuja kuonyesha mchuzi. Mghoi alikuwa msichana mrefu, mkimya, mwenye magoti yaliyopauka kwa baridi ya kwao, na hakuwajibu.

Sasa niseme kuhusu msaada wa Mghoi, maana hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuvurugika. Wasaidizi wengine walikuja Jumamosi, wakasugua kidogo, wakacheza, wakaenda zao. Mimi mwenyewe sungura wa Achieng' niliwatembelea mara mbili kwa mwezi, na mara moja kati ya hizo nilifuata chapati. Mghoi alikuja kila siku. Alfajiri kabla ya shule alikuwa amesimama zizini na mzigo wa majani ya nepia aliyoyakata kando ya kijito cha shangazi yake. Jioni alimsugua Shanga kwa gunzi la mahindi mpaka manyoya yakalala upande mmoja, akamchana mkia, akazipaka kwato mafuta ya kupikia aliyoyaficha ndani ya kizibo cha chupa. Alinifundisha jinsi ya kumfanya asimame na miguu minne kama ya meza, kwa kumgusa bega kwa kidole kimoja tu. Mimi nilikuwa nimemlea Shanga miaka miwili na sikujua habari ya kidole hicho. Na wakati mwingine, alipodhani simsikii, alimwita kwa jina jingine la Kidawida, lugha ya vilima vyetu, jina ambalo sitaliandika hapa kwa sababu si langu. Shanga aligeuza kichwa.

Niliona wivu, sitaficha. Nilijiuliza huyu anataka nini. Nyumbani kwetu tulifundishwa kwamba wema hauozi, lakini pia tulifundishwa kwamba mgeni anayefagia uwanja kabla hujaamka ana jambo lake. Mghoi alipokwenda kwao likizo ya Agosti alirudi na chumvi ya ng'ombe iliyofungwa kwenye kitambaa, akanipa kwa mikono miwili.

"Baba amesema umpe kidogo kidogo," akasema.

"Baba yako anamjua ng'ombe wangu?"

Mghoi alinitazama kwa muda, kama mtu anayesubiri mwenzake acheke kwanza. Kisha akainamisha macho. "Baba anapenda ng'ombe," akasema.

Niliipokea ile chumvi na usiku huo sikulala vizuri. Achieng' ndiye aliyesema lililokuwa likinikera. Alikuja Jumamosi moja kutusaidia, akakaa juu ya ua wa zizi akila muwa, akamtazama Mghoi anavyomfuta Shanga pembe za macho kwa ncha ya kanga yake. Mama alikuwa karibu anapepeta mahindi, na baba alikuwa anarekebisha jembe.

"Kwani hii ng'ombe ni ya nani?" Achieng' akauliza. "Mbona Mghoi anaipenda kuliko mwenyewe?"

Kuuliza si ujinga, wanasema. Lakini ungedhani mtoto huyo ametoa tusi. Ungo wa mama ukasimama hewani. Baba akakohoa, akainuka, akaenda nyuma ya nyumba akiliacha jembe chini. Mghoi aliendelea kufuta jicho lile lile ambalo lilikuwa safi tayari. Mama akamwambia Achieng' kwa upole mwingi kupita kiasi kwamba jua linapanda, aende nyumbani asije akamtia mama yake wasiwasi. Achieng' aliteremka kwenye ua akiwa na muwa mkononi, amechanganyikiwa, na nilipomsindikiza aliniuliza amekosa nini. Nami nilikuwa najiuliza hilohilo.

Siku ya maonyesho tuliondoka kungali na ukungu, mimi mbele na kamba ya mkonge, Mghoi nyuma na kijiti ambacho hakukitumia, na baba hatua hamsini nyuma yetu, amevaa koti lake la kanisani, kama mtu ambaye hayuko nasi. Tulipofika mjini Shanga alikuwa mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope. Achieng' alikuwa ametungoja. Baba yake alituombea mfereji uliokuwa karibu na nyumba za reli, na hapo, huku injini ikipumua mvuke wa mwisho wa asubuhi upande wa stesheni, watoto wa chama kizima walituzunguka. Mmoja alishika ndoo, mwingine sabuni, wale wavulana wa mchuzi walisugua miguu, na Achieng' akavua kitambaa chake cha kichwa, kile cha manjano alichokipenda, tukamkaushia Shanga. Hakuna aliyewaamuru. Nilisimama katikati ya povu lile jekundu nikajisikia nina ndugu kumi na wanne. Kama kuna saa ya maisha yangu ningependa irudiwe bila kuongezwa wala kupunguzwa kitu, ni hiyo.

Uwanjani palikuwa na uzio wa kamba, na nje ya uzio watu walisimama safu tatu: watu wa mji, wafanyakazi wa mkonge, Wakamba waliokuja na mbuzi, na wazee wengi wa Kidawida waliovaa makoti yao mazito na kofia. Mwamuzi alikuwa afisa wa mifugo mwenye daftari na sauti nzuri, na alikishika kile kipaza sauti kama mtu aliyekingojea mwaka mzima. Alimzunguka Shanga mara mbili. Akamgusa mgongo, akatazama meno, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikamgusa bega kwa kidole kimoja, Shanga akasimama kama meza. Tulikuwa tumebaki wawili tu, mimi na kijana mmoja wa sekondari mwenye fahali mkubwa.

"Binti," mwamuzi akasema, na sauti yake ikatoka kwenye kila mti, "mfugaji mzuri anajua ukoo wa mnyama wake. Tuambie. Mama yake ni ng'ombe gani? Alizaliwa wapi? Mlimpataje?"

Sikujua. Miaka miwili nilikuwa nimekula, nimelala, nimeota Shanga, na sikuwahi kujiuliza mama yake ni nani. Nilimtafuta baba kwa macho. Nikamwona nyuma ya safu ya tatu, anatazama viatu vyake. Mwamuzi alirudia swali. Watu wakaanza kucheka kidogo, si kwa ubaya, na kijana mwenye fahali akajinyoosha mgongo. Nikaona utepe unakwenda. Nikaona soksi za Mwakio.

Ndipo Mghoi alipopita chini ya kamba. Alikuja akasimama upande wa pili wa Shanga, akaweka mkono juu ya nundu yake, na yule msichana ambaye muda wote wa muhula hakuwa amezungumza maneno ishirini kwa mfululizo, akazungumza. Alisema mama yake ni ng'ombe mweusi mwenye pembe moja iliyoinama, na bibi yake ni yule aliyenusurika ukame kwa kulishwa migomba. Alisema alizaliwa Mwanda wakati wa mvua za vuli, pacha, na mwenzake alikufa kwa baridi siku ya tatu. Alisema huyu hakuweza kusimama, akalazwa jikoni karibu na mafiga, akanyweshwa maziwa kwa kidole mpaka akapata nguvu. Alisema ndiyo maana hata sasa anatulia akiguswa kwa kidole.

Mwamuzi alifurahi sana. Alisema hawa ndio wafugaji, hiki ndicho kizazi cha kesho, mwenye mnyama na msaidizi wake wanajua habari za mnyama kama za mtoto wa nyumbani. Akatufunga utepe. Watu wa mji wakapiga makofi, wafanyakazi wa mkonge wakapiga miluzi. Lakini nilipotazama upande wa wazee wa Kidawida niliona kitu ambacho sikukielewa. Hawakupiga makofi. Walitazamana, kisha wakaangalia pembeni, kila mmoja kwake, kama watu walioingia chumba ambamo mtu anavaa nguo. Mzee mmoja mrefu mwenye magoti ya kupauka kama ya Mghoi alijitoa katikati yao taratibu akaenda zake bila kugeuka. Na nilipomkimbilia baba na utepe mkononi, alinishika kichwa tu, akasema, "Haya, mwanangu. Umeshinda. Twende nyumbani." Sauti yake ilikuwa ya msibani.

Niliwaza njia nzima. Nilikuwa nimeshinda na hakuna aliyefurahi. Rafiki yangu alikuwa ameniokoa na sasa alitembea peke yake mbele, analia bila sauti, na nilipomwita hakugeuka. Mimi nilimshika Shanga kamba, kwa mara ya kwanza bila hofu ya mahari, nikijiambia angalau huyu hatoki tena.

Wiki moja baadaye yule mzee mrefu alikuja nyumbani. Alikuwa baba yake Mghoi. Alikaa na baba yangu chini ya ukingo wa paa, wakanywa uji, wakazungumza polepole kwa vituo virefu, na hakukuwa na ugomvi hata kidogo. Hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Nilisikia baba akisema, "Nisamehe, mtoto hakujua." Nikasikia mgeni akijibu, "Wangu alijua. Na mimi mwenyewe nilitaka kumwona. Makosa ni yangu." Asubuhi yake nilipoamka zizi lilikuwa wazi. Nilipouliza, baba alinijibu maneno mawili. "Amekwenda Mata." Mata ni kule Taveta, karibu na mpaka, safari ya siku kadhaa kwa miguu ya ng'ombe. Kwa nani? Baba hakujua. Hakuambiwa, na hakutakiwa kuuliza.

Mama ndiye aliyenieleza, jioni hiyo, tukichambua mboga. Watu wa milimani wana mashamba madogo kama leso, hakuna malisho. Kwa hiyo mtu mwenye ng'ombe humweka kwa rafiki wa bondeni. Rafiki hunywa maziwa, hutumia samadi, na ng'ombe akizaa mara kadhaa hupewa ndama wa kwake. Lakini mbele ya watu anayemtunza husema "ng'ombe wangu," na mwenyewe akipita njiani hamtazami mara mbili. Ukijulikana una ng'ombe watatu, jamaa watakuletea shida tatu kabla jua halijachwea, na macho ya watu nayo yana uzito wake. Wakubwa wote wanalijua jambo hili na hakuna anayelitamka. Ng'ombe aliyejulikana huhamishwa mahali ambapo hajulikani. Mtoto haambiwi, alisema mama, kwa sababu mtoto ni kapu lililotoboka. Mghoi aliambiwa tu kwa vile alimwona ndama akizaliwa, na isingewezekana kumficha. Akaapishwa.

"Basi kwa nini alisema?" nikauliza.

"Hilo kamuulize mwenyewe," mama akasema.

Sikumuuliza. Mghoi alikuwa amerudishwa Mwanda siku ile ile aliyokuja baba yake, kuku wa shangazi wakabaki. Mdomo huponza kichwa, walisema wenzetu shuleni, ingawa hawakujua ni mdomo wa nani na kichwa cha nani. Mwakio alioa mwaka uliofuata, na mahari yake ilitoka kwa ng'ombe wengine ambao sikuwahi kuwaona, jambo ambalo wakati huo halikunishangaza tena. Mimi nilikuwa na utepe mwekundu na hasira ya kunitosha miaka mingi. Siku nyingine nilimkasirikia Mghoi kwa kutoboa siri na kunipotezea Shanga. Siku nyingine nilifikiri alifanya makusudi, alichoka kusikia ng'ombe wao akiitwa wangu, akataka dunia nzima ijue. Kisha nilikumbuka ile nepia ya alfajiri, nikajiona mimi ndiye mwizi. Nilikua, nikasoma, nikafanya kazi ya kuandikisha wagonjwa hospitalini mpaka nikastaafu, na kila nilipoandika jina la mtu kwenye mstari wa "mwenye" nilisita kidogo. Wenzangu walidhani ni macho.

Mwaka huu mjukuu wangu alionyesha mbuzi palepale Voi. Uwanja sasa una ukuta, stesheni ya zamani iko kimya na treni mpya hupita juu ya daraja kwa mwendo wa mtu asiyetaka kuulizwa kitu. Kila mnyama ana kibandiko cha manjano sikioni chenye namba, na namba hiyo ukiiingiza kwenye simu inakuambia mama yake, baba yake na mwenyewe. Watoto hawaulizwi tena swali lililoniua. Nilimwona mjukuu wangu akimfuta mbuzi peke yake, vifaa vyake vyote ndani ya kisanduku chake, na jirani yake naye peke yake na kisanduku chake. Walikuwa safi sana, wote wawili na mbuzi wao. Sijui kama ni vizuri au vibaya. Nilikuwa nafikiria kitambaa cha Achieng' cha manjano, na jinsi kilivyokataa kutakata tena, wakati mwanamke mrefu mwenye mvi alipokaa kwenye benchi karibu yangu, akanitazama, akasema, "Ng'ombe wenu alisimama pale, karibu na ule mti uliokatwa."

Nilimtambua kwa magoti. "Wenu," nikasema.

"Wenu," akasema Mghoi, akacheka, na mimi nikaanza kulia kama mjinga mbele ya watoto wenye mbuzi.

Tulikaa hapo saa nzima. Nilimuuliza lile swali nililolibeba tangu siku ya kuchambua mboga, kwa nini alisema. Alishangaa. "Mimi nilidhani unajua," akasema. "Nilidhani nawe umeambiwa, umeapishwa kama mimi. Kila nilipokuona unamtoa kupe nilisema moyoni, huyu binti ana roho nzuri, anamtunza ng'ombe wetu kama wake na hatapata kitu. Ndiyo nikawa naleta majani. Ndiyo baba akaleta chumvi. Na siku ile uliponyamaza pale mbele ya watu, nilidhani unajua jibu na umekataa kulitoa, umekubali kushindwa ili siri yetu isitoke. Nikaona haifai. Nikasema afadhali nichapwe mimi."

"Na ulichapwa?"

"Sana," akasema, bila uchungu wowote.

Miaka yote hiyo nimemhukumu kwa siri aliyoitoboa ili kunilipa ukarimu ambao sikuwa nao. Nilimwambia ukweli, kwamba mimi nilinyamaza kwa sababu sikujua, si kwa wema, na kwamba utepe nilioutaka ulikuwa wa kumfunga Shanga asitoke. Nilitegemea atanichukia kidogo. Alifikiri, akasema kwamba basi wote wawili tulikuwa tunamsaidia mtu ambaye hakuwepo. Nikamuuliza kama walipata kujua Shanga aliishia wapi. Akatikisa kichwa. Baba yake alikufa ghafla, na jina la mtu wa Mata akazikwa nalo. Huko Mata leo lazima kuna ng'ombe wekundu wenye mabaka shingoni, wajukuu wa wajukuu, na watu wanaosema ni wetu, na hawasemi uongo.

Jua lilipopungua mjukuu wangu aliniita twende. Mghoi alininyanyua, maana goti langu la kushoto halinyanyuki peke yake siku hizi, akashika kiwiko changu mpaka getini. Hapo akasimama akaangalia nyuma, mahali palipokuwa na mti. "Shanga," akasema taratibu, kwa sauti ile ile ya mtoto anayedhani hasikiki. Sikujua kama alikuwa akiniachia jina hilo au akiniomba nimpe. Nami, baada ya kusita, nikalitamka lile jina jingine la Kidawida, na Mghoi hakunikataza.